Mgeni wa Baiskeli na Mwenyeji Asiye na Jina

Wahenga wetu walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wanafunzi wengi huijua methali hii kwa ghibu, na walimu huieleza kwa kusema kwamba siku ya ugeni huchinjwa kuku, na watoto wa nyumbani nao wakapata kitoweo. Maelezo hayo ni sahihi, lakini iko haja ya kuitazama methali hii kwa jicho la historia pia. Vitabu vya safari vimejaa habari za wageni: walikotoka, walikofika na taabu walizozishinda. Mwenyeji aliyewafungulia mlango usiku wa mvua hutajwa kwa mstari mmoja tu, aghalabu bila jina. Katika insha hii napenda tumtazame huyo mwenyeji. Na kwa kuwa msafiri wa baiskeli humhitaji mwenyeji kuliko wasafiri wengi, tuanze na yeye.

Mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli alikuwa Thomas Stevens, Mwingereza aliyehamia Marekani katika ujana wake. Aliondoka San Francisco mwezi wa Aprili 1884, akafika Boston mwezi wa Agosti. Mwaka uliofuata alivuka bahari, akapita Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na nchi za Balkani, akaingia Uturuki na Uajemi. Baada ya kuzuiwa na kurudishwa huko Afghanistan, alipitia Bara Hindi na Uchina, akaikamilisha safari yake mjini Yokohama, Ujapani, mwezi wa Desemba 1886. Baiskeli yake haikuwa kama hizi tuzijuazo. Gurudumu la mbele lilikuwa na kimo cha sentimita 127 hivi, la nyuma lilikuwa dogo mno, na tairi zake zilikuwa za mpira mgumu usiotiwa upepo. Mzigo wake ulikuwa soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku liligeuka kuwa hema na shuka.

Mtu wa namna hiyo hana ghala wala jiko. Akishinda juani siku nzima, uhai wake wa jioni umo mikononi mwa watu asiowajua. Bastola yaweza kumtisha mnyang'anyi, lakini haipiki chakula wala haitandiki kitanda.

Katika vijiji vya Anatolia, yaani Uturuki ya upande wa Asia, ilikuwapo desturi ya kuweka chumba cha wageni kilichoitwa oda. Mpita njia alipata humo mahali pa kulala, na wenyeji wakamletea chakula walichonacho. Haikuwa nyumba ya biashara, bali sehemu ya heshima ya kijiji. Stevens alipofika, watu walimzunguka wakipiga kelele, "Bin! Bin!" maana yake, "Panda! Panda!" Walitaka kumwona akiliendesha lile gurudumu la ajabu, naye hakuwa na budi kupanda hata alipokuwa amechoka. Ndivyo ilivyo: mgeni ni kuku mweupe, hawezi kujificha, na mara nyingi malipo pekee anayodaiwa ni kutazamwa.

Mambo hayakuwa mepesi kila mahali. Huko kusini mwa Uchina, katika mji ambao leo huitwa Ji'an, umati uliojaa hasira ulimtupia mawe. Vita baina ya Uchina na Ufaransa vilikuwa vimekwisha mwaka 1885, na chuki dhidi ya wageni kutoka Ulaya ilikuwa bado mbichi. Waliomwokoa ni Wachina wenyewe: maafisa wa mji walimpa hifadhi ndani ya boma lao, kisha wakamsafirisha chini ya ulinzi. Nchi ile ile iliyomtupia mawe ndiyo iliyomkinga.

Stevens aliandika kitabu cha juzuu mbili juu ya safari yake, kikatoka mwaka 1887 na 1888. Humo ameandika mengi kuhusu barabara, milima na umahiri wake mwenyewe. Wenyeji wake, hasa wa Asia, amewaandika mara kwa mara kwa dharau ya zama zake, kana kwamba wema wao ulikuwa kichekesho. Jina la baiskeli yake tunalijua: iliitwa Columbia. Majina ya wengi waliompa mkate hatuyajui.

Mwaka 1889 mtu huyo huyo alifika Afrika Mashariki, safari hii akiwa mwandishi wa gazeti la New York, akitafuta habari za Stanley. Pwani yetu wakati huo ilikuwa katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, na Stevens akasafiri na msafara wa wapagazi. Hapo ndipo habari yake inapogusana na yetu. Kwa maana katika njia kuu ya kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, watu wetu walikuwa wamekwisha kujenga taratibu zao wenyewe za kupokea wageni.

Taratibu hizo zilikuwa mbili. Msafara mkubwa, wenye mamia ya watu na bunduki, ulitozwa hongo na watawala wa nchi ulizopita, hasa Ugogo, kwa kuwa ulinywa maji ya visima na kumaliza nafaka ya wenyeji. Wasafiri wengi wa Kizungu waliilalamikia hongo hiyo wakaiita unyang'anyi, bila kujiuliza kisima cha Ugogo hubakiwa na nini wakati wa kiangazi. Lakini mtu mmoja mmoja, mwenye njaa na asiye na nguvu, alikuwa na njia nyingine, nayo ni utani. Utani baina ya Wanyamwezi na watu wa pwani, kama Wazaramo, ulipata nguvu katika safari hizo. Mpagazi aliyeugua mbali na kwao aliweza kumtegemea mtani wake, na hata kama angefariki, mtani hakukosa kwenye maziko yake. Ukarimu wetu, basi, haukuwa upole wa tabia peke yake. Ulikuwa ni mpango wa jamii, uliotungwa na watu waliojua kwamba njia ni ndefu na kwamba kesho msafiri atakuwa mwenyeji, na mwenyeji atakuwa msafiri. Nao ulikuwa na mipaka yake: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Baiskeli ilipoenea nchini mwetu wakati wa ukoloni, ilipita juu ya msingi huo. Walimu, makatekista, makarani wa vyama vya ushirika na waenezaji wa siasa ya kudai uhuru waliendesha maili nyingi katika njia za vumbi, wakalala walikokuchewa. Nani aliwalaza? Vitabu vyetu vinawataja waliopanda, waliowapokea hawatajwi. Katika jambo hili sisi nasi tumefuata nyayo za Stevens.

Nami pia nina hatia hiyo. Mwaka 1991, nikiwa karani kijana, niliondoka Tabora kwa baiskeli kwenda Nzega, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Mvua ilinikuta mbugani. Udongo mweusi ulijaa kati ya tairi na madigadi hata gurudumu likakataa kuzunguka, na nilipolazimisha, mnyororo ukakatika. Nikaibeba baiskeli begani mpaka giza lilipoingia. Nilipiga hodi katika nyumba ya kwanza niliyoiona. Alitoka bibi mmoja, akanitazama kwa taa ya kibatari, akasema, "Karibu, mwanangu." Hakuniuliza kabila langu wala kazi yangu kabla ya kunipa maji ya kunawa. Alinipa michembe na karanga, kisha mjukuu wake akatoa mkeka wake akanitandikia. Asubuhi kijana huyo aliuunga mnyororo kwa msumari na jiwe. Nilipotoa fedha, bibi alizikataa akasema, "Nami nina mtoto yuko safarini."

Nilimshukuru, nikaenda zangu. Sikumwuliza jina. Miaka michache baadaye nilipita tena njia ile ndani ya basi, nikatoa kichwa dirishani kuitafuta nyumba, nisiitambue. Nimetunga mashairi mengi tangu hapo, na katika mojawapo nilitaka kumtaja. Mizani zikakamilika, vina vikapatana, lakini pa kuweka jina pakabaki patupu.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa historia na wa Kiswahili. Wazee waliosafiri kwa baiskeli, na wale waliowapokea, wangali wako katika vijiji vyetu, ila wanapungua kila mwaka. Wapelekeni wanafunzi wakawasikilize. Waulize habari za safari, bila shaka, lakini wasiishie hapo. Waandike jina la mwenyeji, kijiji chake, mwaka, chakula alichokitoa na maneno aliyoyasema wakati wa kuagana. Na mwanafunzi atakayekaribishwa na mtu asiyemjua, basi kabla ya kupanda baiskeli yake na amwulize, kwa adabu, anaitwa nani.