Msondo, Sikinde na ubishi wa pikapu

NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilitimiza miaka 60 mwaka 2024, na ubishi wa wapenzi wa zilipendwa kuanzia Kariakoo hadi Segerea ni ule ule: kwa nini magitaa ya sasa hayalii kama yale ya kanda za Redio Tanzania? Wajuzi huilaumu pikapu, ile sumaku iliyozungushiwa waya na kukaa chini ya nyuzi.

Si lawama ya bure. Pikapu ya koili moja, kama za Stratocaster ya Fender iliyotoka 1954, hutoa sauti kavu, yenye makali, na huvuma kidogo. Seth Lover wa Gibson aliunganisha koili mbili zinazouana mvumo, na sauti ikanenepa. Halafu 1972 ikaja DiMarzio Super Distortion, yenye nguvu ya kuifanya amplifaya ikorome. Kwa roki, safi kabisa. Kwa dansi, ambako solo, rithimu na besi lazima zipishane, gitaa nene huwameza wenzake.

Ila Dar es Salaam ya wakati ule mpiga gitaa alichagua nini? Mtafiti Werner Graebner, aliyeziandika sana bendi hizi, anasisitiza jambo tunalolisahau: vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. NUTA ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianzishwa 1978 na kampuni ya teksi, kisha ikachukuliwa na DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, 1983. Mwanamuziki alikuwa mtu wa mshahara; akihama, gitaa halihami naye.

Na walihama kweli. Mwaka 1985 Hugo Kisima aliivunja Orchestra Safari Sound yake, akawang'oa wanamuziki sita wa Sikinde kwa mpigo, wakiwemo Muhiddin Maalim Gurumo, Hassani Bitchuka na mpiga gitaa Abel Balthazar. Bendi mpya, Ndekule, ikazaliwa, na mashabiki wakagawanyika. Sikinde, chini ya Michael Enoch, haikufa. Zisikilize bendi zote mbili za miaka ile kisha uniambie kama tofauti yake ni sumaku. Mimi nasikia watu.

Baadaye vikaja vinanda, na bendi zikapungua. Kijana anayetafuta sauti ile leo huanza kwa kuagiza dukani pikapu za mtindo wa kale. Aagize tu, lakini duka hilo halimuuzii mpiga rithimu wa kufanya naye mazoezi kila siku, tena kwa mshahara.