Protini ya shaba iliyokaa miaka 30 bila kazi

Mwaka 1938, huko Cambridge, Uingereza, Thaddeus Mann na David Keilin walitenga kutoka kwenye damu ya ng'ombe protini ya rangi ya buluu yenye ukijani. Ilikuwa na shaba ndani yake. Wakaipa jina la hemokupreini. Kazi yake mwilini haikujulikana, na kwa miaka 30 ikahesabiwa kuwa ghala la shaba tu.

Jibu lilitokea Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Irwin Fridovich na mwanafunzi wake Joe McCord walikuwa wakichunguza kimeng'enya cha maziwa, zanthini oksidesi, na jinsi kinavyopitisha elektroni kwenda kwenye protini iitwayo saitokromu. Walipotia protini nyingine kwenye mchanganyiko, mwendo ule ulizuiwa. Walipofuatilia, wakaona kwamba kizuizi hakikuwa protini waliyoitia, bali kitu kilichoambatana nayo kama uchafu. Wengine wangeumwaga wakaanza upya. Wao wakaukamata uchafu huo. Mwaka 1969 wakatangaza kimeng'enya kipya, supaoksidi dismutesi, au SOD, na kumbe ndiyo hemokupreini ile ile.

Supaoksidi ni oksijeni iliyobeba elektroni moja ya ziada, na hugeuka haraka kuwa kemikali zenye kuharibu seli. SOD huibadilisha kuwa oksijeni ya kawaida na haidrojeni peroksidi. Hiyo ya pili nayo ina madhara, na kuivunja ni kazi ya katalesi, iliyopewa jina na Oscar Loew mwaka 1900, na glutathioni peroksidesi, aliyoieleza Gordon Mills mwaka 1957.

Mwaka 1973 Bernard Babior na wenzake walionyesha kwamba chembe nyeupe za damu hutengeneza supaoksidi kwa makusudi ili kuua bakteria. Hapo ndipo inapoingia sepsisi, hali ya maambukizi kuufanya mwili uumize viungo vyake wenyewe. Maambukizi yakizidi na kinga ikakosa kiasi, silaha hiyo huumiza pia kuta za mishipa, mapafu na figo za mgonjwa mwenyewe. Watafiti wakajiuliza: je, vimeng'enya hivi kwenye damu vinaweza kuonyesha mapema ni nani ambaye viungo vyake vitashindwa?

Swali ni zuri, lakini damu husumbua. Chembe nyekundu zimejaa SOD. Zikipasuka wakati wa kutoa damu, kipimo cha plazima hupanda hata kama mgonjwa hajabadilika. Seli zinazokufa nazo humwaga vimeng'enya vyake, kwa hiyo namba kubwa huenda ikawa dalili ya uharibifu, si ya ulinzi imara. Glutathioni peroksidesi ya plazima hutengenezwa zaidi na figo, nayo huhitaji seleniamu. Ikishuka, huenda ni figo zinazoshindwa, au seleniamu imepungua. Ndiyo maana tafiti zimetofautiana, nyingine zikiona SOD juu kwa wanaokufa, nyingine chini.

Madaktari wangali wakitegemea alama za SOFA, zilizobuniwa Paris mwaka 1994. Hupima mapafu, kuganda kwa damu, ini, moyo na mishipa, ubongo na figo, kila kimoja kutoka 0 hadi 4. Maana rasmi ya sepsisi ya mwaka 2016 imejengwa juu ya alama hizo, vimeng'enya havimo.

Kuna waliotaka kuruka moja kwa moja hadi kwenye tiba, kwa kuongeza ulinzi dhidi ya kemikali hizo za oksijeni. Jaribio la seleniamu nchini Ujerumani, lililochapishwa mwaka 2016, halikupunguza vifo. Mwaka 2022, jaribio jingine lilionyesha kwamba wagonjwa wa sepsisi waliopewa vitamini C kwa mshipa walikufa au kubaki na viungo vilivyoshindwa mara nyingi zaidi kuliko wasiopewa.

Makadirio ya mwaka 2017 yalikuwa vifo milioni 11 vinavyohusiana na sepsisi duniani, na mzigo mzito zaidi uliangukia Afrika kusini mwa Sahara. Kwa idadi hiyo, swali la vimeng'enya bado linastahili jibu, lakini kwa jinsi damu inavyosumbua, naona kipimo kimoja cha siku ya kulazwa hakitoshi. SOD ya chembe nyekundu ipimwe kando na ya plazima, kwa mgonjwa yule yule, siku baada ya siku, na kila namba isomwe pamoja na hali ya figo zake.