Safari ya Makaburu Kwenda Uasin Gishu

Mtu akaaye Langas, upande wa kusini wa mji wa Eldoret, akiwa na shughuli Nakuru hupanda gari asubuhi, na adhuhuri haijaingia amekwisha kushuka. Mwendo wake ni kama kilomita 150. Katika mwaka 1908 kundi la watu lilikuja kwa njia hiyo, kutoka Nakuru kuelekea huku, nao walitumia zaidi ya miezi miwili. Hao walikuwa Makaburu, na safari yao ndiyo iliyoleta mashamba makubwa ya Uasin Gishu, na kutokana na mashamba hayo ukazaliwa mji wa Eldoret.

Kwa nini watu waondoke Afrika ya Kusini, waje kutafuta makao mbali namna hii? Vita baina ya Makaburu na Waingereza vilianza mwaka 1899 vikaisha mwaka 1902. Mashamba yalikuwa yamechomwa moto, mifugo imeteketea, na wengi waliorudi makwao walikuta majivu. Wakati huo huo serikali ya Waingereza katika Afrika ya Mashariki ilikuwa na reli mpya iliyokula fedha nyingi, nayo ilitaka walowezi walime ili reli ipate mizigo. Basi mtu mmoja aitwaye Jansen van Rensburg akakusanya jamaa za Makaburu, watu zaidi ya 200, wanaume kwa wanawake na watoto wao. Wakapanda meli pamoja na farasi wao na magari yao, wakashuka Mombasa, na kutoka hapo wakachukuliwa na gari la moshi hadi Nakuru.

Nakuru ndipo taabu ilipoanza. Magari yao yalikuwa makubwa, ya mbao, yenye magurudumu manne na turubai juu, na kwa desturi gari moja huvutwa na maksai 16 waliofungwa nira wawili wawili. Ng'ombe walionunuliwa hapa nchini hawakuwahi kuiona nira maishani mwao. Ilibidi wafundishwe kwanza: kusimama, kuvuta pamoja, kumfuata kiongozi, kuitambua sauti ya mwendeshaji. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Mwanzoni mwa Agosti msafara ukaondoka, magari zaidi ya 40, na wapanda farasi wakitangulia mbele kutafuta njia.

Msomaji aitazame nchi yenyewe. Nakuru iko chini, katika Bonde la Ufa, kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari. Kutoka hapo njia hupanda ukingo wa magharibi kwa kupitia Eldama Ravine mpaka misitu ya Timboroa, mahali palipopita mita 2,700, ndipo iteremke kidogo kidogo kwenye uwanda wa Uasin Gishu. Barabara haikuwako. Miti ilikatwa ili gari lipite, na penye kinamasi magogo yalitandikwa juu ya matope yawe daraja. Kwenye mlima mkali jozi za gari moja zilifunguliwa, zikaongezwa kwa gari jingine, likakokotwa hadi juu. Kisha ng'ombe hao hao wakarudishwa chini kulifuata gari lililobaki. Kwa hiyo kila mlima ng'ombe waliupanda mara mbili. Na Agosti katika nyanda hizo ni mwezi wa mvua kubwa. Magurudumu yalizama hadi mhimili, na ziko siku ambazo msafara, baada ya kutwa nzima ya jasho na mijeledi, ulilala karibu na majivu ya moto wa jana.

Farasi alikuwa na heshima katika safari hiyo kuliko mnyama yeyote. Kaburu aliyekuwa juu ya farasi aliweza kukagua bonde, kuvuka kijito, kuwinda nyama ya jioni, na kurudi kuwaambia wenzake wageuke kulia au kushoto. Lakini farasi ni mgeni wa tabu katika nchi zetu. Mbung'o humwua, na uko ugonjwa mwingine uletwao na visubi wa mabondeni ambao humwangusha mnyama mwenye afya kwa siku chache. Baridi ya uwanda wa juu ilimfaa zaidi, na hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za Makaburu kuipenda Uasin Gishu.

Katika Oktoba 1908 msafara ukashuka kwenye majani marefu, karibu na Mto Sosiani na jabali la Sergoit. Walowezi wachache walikuwa wametangulia, wakiwemo ndugu wa ukoo wa van Breda. Wageni wakazunguka kwa farasi wakichagua mashamba. Waliyoyaona waliyaeleza kwa neno moja ambalo limerudiwa katika vitabu vingi tangu siku hizo: nchi ilikuwa tupu.

Neno hili ndilo linalotupasa kulichunguza kuliko habari zote za matope na magurudumu. Ni kweli kwamba Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alipouvuka uwanda huu mwaka 1883 hakukuta miji. Ni kweli pia kwamba mwaka 1905 wajumbe watatu wa Wayahudi walikuja kuukagua, kwa kuwa serikali ya Uingereza ilikuwa imewatolea nchi hii wahamie, na mkutano wao mkuu huko Basel ukaikataa. Lakini nchi isiyo na nyumba leo si lazima iwe nchi isiyo na wenyewe. Kote Uasin Gishu na Nandi yako mashimo ya mviringo, mengine yamezungushiwa mawe, ambayo wenyeji huyaita ya Wasirikwa. Wataalamu wamethibitisha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe ya karne nyingi zilizopita. Na ajabu ni hii: mashimo ya namna hiyo hiyo yako Hyrax Hill, karibu kabisa na mji wa Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937. Makaburu walianza safari yao penye mazizi ya kale wakaimaliza penye mazizi ya kale, wasiyatambue.

Baada ya Wasirikwa walikuja Wamasai wa Uasin Gishu, walioiachia nchi jina lao. Hao walivunjwa katika vita vya Wamasai wenyewe kwa wenyewe na vita vyao na Wanandi, katika karne ya kumi na tisa, wakatawanyika. Kisha Wanandi wakawa ndio wachungao katika uwanda huo. Mchungaji hajengi mji kila aendako. Hupeleka ng'ombe majani yanapoota, akarudi. Ukiuvuka mwezi asiokuwapo, utasema hakuna mtu.

Wanandi walipigana na Waingereza tangu mwaka 1895 kwa muda wa miaka kumi. Tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, akauawa hapo kwa risasi na afisa aitwaye Richard Meinertzhagen. Baadaye majeshi yakachukua ng'ombe wao kwa maelfu, na wenyewe wakasukumwa ndani ya mipaka waliyowekewa. Kutoka kifo hicho hadi kufika kwa magari ya van Rensburg ni miaka mitatu tu. Sidhani kwamba kila Kaburu aliyefungua nira kando ya Sosiani aliijua habari hiyo. Wengi walikuwa maskini waliotafuta riziki. Serikali iliyowagawia mashamba iliijua vizuri.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Posta ilijengwa katika shamba namba 64, na wenyeji, wakiitamka namba hiyo ya Kiingereza kwa ndimi zao, wakapaita Sisibo. Mwaka 1912 mahali hapo pakapewa jina la Eldoret, na reli ikafika mwaka 1924. Uhuru ulipokaribia, na hasa ulipopatikana mwaka 1963, Makaburu walio wengi waliuza mashamba wakarudi kusini. Mashamba hayo yalikatwa vipande, na katika ardhi iliyolimwa ngano na mahindi ikasimama mitaa kama Langas, inayokaliwa na watu wa makabila mengi. Eldoret ikatangazwa kuwa jiji katika Agosti 2024.

Kuhusu Koitalel, fimbo zake tatu za uongozi zilichukuliwa na Meinertzhagen akaenda nazo Uingereza. Mwanawe alizirudisha Kenya mwaka 2006, miaka 101 baada ya mwenyewe kuuawa.