Migomba ya kwetu: majina mengi, mama mmoja

Ukitoka Butembo kwenda Goma, mbele ya kuteremuka kwenye uwanda wa Rwindi, unapita Kanyabayonga. Kule migomba iko nyuma ya nyumba, na mwenye shamba hasemi tu «ndizi». Anajua hii ni ya kupika, ile ni ya kasiksi, na hii ingine ni ya watoto, ya kuiva. Muulize mama wa zamani, atakupa majina. Kijana atakujibu: «Ni bitoke tu.»

Ndugu msomaji, mgomba si mzaliwa wa Afrika. Ulitoka Asia, na huu wa kulima hauna mbegu. Mtu aliomba chipukizi kwa shemeji yake, akalibeba kichwani mpaka kwake. Njo maana huwezi kuweka aina ya ndizi ndani ya gunia sawa vile maharagi. Inaishi shambani, ao inapotea.

Huku kwetu kuna familia mbili kubwa. Chini, upande wa Beni na Oicha, makemba yanatawala. Huku juu ni ndizi za milima, ndugu za zile za Uganda, Rwanda, Burundi na Kagera. Uganda peke yake watafiti walihesabu aina 80 na zaidi. Lakini walipochunguza damu yake, kama tunaweza kusema vile, waliona karibu zote zimetoka kwa mama mmoja. Tofauti za rangi, za mkungu na za ladha zilianzia kwa mabadiliko madogo ambayo wakulima waliyaona, wakayapenda, wakayatunza. Wazee wetu hawakuitwa maagronomu, lakini kazi hiyo ni ya agronomu kabisa.

Undugu huo una hatari yake: ugonjwa unaoangusha mmoja unaweza kuangusha wote. Mnyauko wa migomba, ambao Warwanda wanauita kirabiranya, ulionekana Masisi mwaka wa 2001. Unapita kwa panga lisilosafishwa, tena kwa nyuki na wadudu wanaotembelea ua la mwisho wa mkungu. Ndizi ya pombe ambayo watafiti wanaiita Pisang Awak, na Waganda Kayinja, iliumia sana. Katika aina tunazolima, hakuna inayokingika kabisa. Mwanzoni watu waliambiwa wang'oe shina lote pamoja na watoto wake. Kwa maoni yangu dawa hiyo ilikuwa kali mno: mwenye shina moja tu la aina fulani alizika na jina lake. Baadaye majaribio ya hapa Kivu yalionyesha kwamba kukata mti mgonjwa peke yake, kupitisha panga kwenye moto, na kuvunja ua kwa kijiti chenye pacha kunaweza kutosha.

Kuna pia mashamba ya akiba. Université Catholique du Graben, Butembo, ilikusanya aina za hapa. Leuven, Ubelgiji, aina zaidi ya 1,500 zinatunzwa ndani ya vichupa. Na Yangambi yetu ilitoa jina la ndizi inayojulikana dunia nzima, Yangambi Km5, isiyoogopa madoa meusi ya majani.

Lakini Leuven ni mbali. Mwezi wa Juni 2024 vita ya M23 ilifika Kanyabayonga, watu wakakimbia na masufuria na magodoro. Nani angebeba chipukizi? Mama mmoja aliyefika Butembo alitembea soko nzima akitafuta ndizi ya kasiksi ya baba mkwe wake. Wachuuzi walimuonyesha nyingi. «Hapana, baba,» aliniambia, «ile yetu ilikuwa na shingo nyekundu.»