Waya wa dishi umeandikwa omu 75, mbona mita haisomi?

Leo naleta kitu kilichowahi kunitia hasara. Nilikuwa kibarua kwenye kafe moja ya intaneti, bosi akanituma nikague rola ya waya wa koaksia, ule wa dishi. Umeandikwa omu 75. Nikaweka maltimita, mguu mmoja kwenye shaba ya kati, mwingine kwenye wavu wa nje. Haisomi kitu! Nikatangaza waya ni feki, tukaurudisha dukani. Muuzaji akauunga kwenye dishi lake mbele yetu, picha ikatoka safi kabisa. Nauli ya kwenda na kurudi nikakatwa mimi.

Isikukute na wewe. Soma hapa.

HIYO 75 NI NINI?

Sio ukinzani wa shaba. Inaitwa impidansi, yaani uwiano wa volti na ampea za wimbi linalosafiri ndani ya waya. Haijali urefu: mita 1 ni 75, mita 100 ni 75. Inatokana na unene wa shaba ya kati, upana wa wavu wa nje, na plastiki iliyo katikati yao.

Maltimita inatumia umeme wa betri. Kwenye rola ya mita 100, wimbi la kwanza linafika mwisho na kurudi ndani ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Baada ya hapo mita inaona ncha iliyo wazi tu. Ndo maana haisomi.

MASAFA YAKIBADILIKA

Kila mita ya waya ina ukinzani (R), indaktansi (L) na kapasitansi (C). Masafa yakiwa ya chini, R ndo mbabe na impidansi inakuwa kubwa. Masafa yakipanda, L inapata nguvu mpaka inaimeza R. Hapo inabaki kipeuo cha pili cha L gawanya kwa C, ambacho hakibadiliki na masafa.

Nimepiga hesabu kwa waya wenye R omu 0.1, L nanohenri 377 na C pikofaradi 67 kwa kila mita:

Hezi 100: karibu omu 1,540
Kilohezi 1: karibu 487
Kilohezi 10: karibu 156
Kilohezi 100: karibu 78
Megahezi 1: 75

Umeona? Ile 75 ya kwenye ganda ni ya masafa ya juu. Kweli, huko juu umeme hukimbilia ngozi ya shaba na R inaongezeka, lakini nguvu ya L inaongezeka haraka zaidi. Kwa hiyo signo inafifia njiani ila 75 inabaki palepale.

SASA INAMHUSU NANI?

Kwenye kilohezi 1 wimbi moja ndani ya waya huu lina urefu wa zaidi ya kilomita 40. Waya wako wa mita 30 ni kama haupo, hiyo 487 haikusumbui. Lakini dishi linashusha signo za megahezi 950 hadi 2,150. Kwenye megahezi 1,000 wimbi ni kama sentimita 20 tu, na kila kasoro ya waya linaiona.

Ukiunga waya wa omu 50 na wa 75, asilimia 20 ya volti inagonga pale kwenye maungio na kurudi nyuma, sawa na asilimia 4 ya nguvu. Ukiukanyaga waya au kuukunja sana, umbo linaharibika na impidansi ya pale inabadilika. Kuunga kwa kusokota na mkono ndo balaa kabisa. Tumia konekta.

Maltimita usiitupe. Itumie kuangalia shoti kati ya shaba na wavu, au kama waya umekatika ndani. Kazi yake inaishia hapo.

La mwisho kwa wenzangu tulioishia sekondari: Oliver Heaviside, Mwingereza aliyepata hataza ya waya wa koaksia mwaka 1880, aliacha shule akiwa na miaka 16. Hesabu za juu alijifundisha mwenyewe.

Ukikwama au ukiona nimekosea, tupia maoni hapo chini.