Sarafu Isiyo na Kwao

Anayenunua mashine mpya ya kugundua metali huwa na maswali matatu: inafika chini kiasi gani, inaweza kutenganisha fedha na msumari, na itamsumbua kiasi gani kwenye mchanga wenye chumvi. Ni maswali ya haki, na watengenezaji wameyahangaikia kwa miongo mingi. Lakini historia ya chombo hiki, ikisomwa sambamba na historia ya sarafu zilizotoka ardhini, inaibua swali la nne lenye uzito kuliko hayo yote: habari za mahali kitu kilipokutwa zitahifadhiwaje? Ninachodai hapa ni kwamba sehemu kubwa ya thamani ya sarafu ya kale imo katika mahali ilipolala, kina chake, na vitu ilivyolala navyo. Msakaji anayeing'oa bila kuyaandika hayo huondoka na kipande cha metali tu, na ushahidi huo haurudi tena. Mwambao wetu, kutoka Lamu hadi Kilwa, unalithibitisha dai hili kwa uwazi ambao nchi nyingi hazina.

Chombo chenyewe kilizaliwa katika dharura. Tarehe 2 Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi mjini Washington, na madaktari hawakujua risasi moja ilikuwa imekwama wapi mwilini. Alexander Graham Bell, aliyekuwa ameshapata sifa kwa simu yake, alichukua kanuni iliyokuwa imefanyiwa kazi na David Hughes huko Uingereza, akaunda kifaa cha koili za waya kilichounganishwa na simu. Koili zikisawazishwa, sikio halisikii kitu. Metali ikikaribia, mizani inavurugika na sauti inatoka. Katika majaribio kilifanya kazi, lakini kwa rais kilishindwa. Bell alikuja kujua kwamba chini ya godoro la mgonjwa palikuwa na godoro jingine la nyaya za chuma. Tena daktari mkuu, Willard Bliss, aliamini risasi iko upande wa kulia, na huko ndiko alikoruhusu pachunguzwe. Garfield alifariki 19 Septemba, na uchunguzi wa maiti ukaonyesha risasi ilikuwa kushoto mwa uti wa mgongo. Tangu mwanzo, basi, kifaa hiki kilitoa habari ya metali na kumwachia binadamu kazi ya kujua metali hiyo imezungukwa na nini.

Waliofuata waliongeza nguvu ya sikio hilo. Katika miaka ya 1930 Gerhard Fischer, mhandisi wa redio mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, aliona kwamba vyombo vya kuongozea ndege vilipotoshwa na miamba yenye madini, akaigeuza kasoro hiyo kuwa kifaa cha kubebwa mkononi na kupata hataza yake mwaka 1937. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, luteni wa Kipolandi Józef Kosacki alibuni nchini Uingereza kigunduzi cha mabomu ya ardhini ambacho majeshi ya Uingereza yalikitumia El Alamein mwaka 1942. Baada ya vita, vifaa vilivyobaki maghalani viliuzwa kwa raia, na kutoka hapo ukazaliwa mtindo wa kusaka sarafu na vito mashambani na ufukweni. Kanuni haijabadilika sana. Koili inatoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika, uga huo unaamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya metali, na mikondo hiyo inajibu. Mashine za leo zinapima jibu hilo na kuonyesha namba kwenye kioo. Hata hivyo namba ile ni makadirio ya jinsi kitu kinavyopitisha umeme, pamoja na ukubwa na umbo lake. Ndiyo maana pete ya dhahabu na kipete cha kufungulia kopo la soda vinaweza kutoa sauti inayokaribiana kabisa. Mashine bora kuliko zote haiwezi kumwambia mwenye nayo kama alichokikanyaga kimedondoka jana au karne ya 11.

Kwamba karne hiyo inajulikana kwa njia nyingine, ushahidi upo Pemba. Mwaka 1984 timu ya mwanaakiolojia Mark Horton ilifukua Mtambwe Mkuu hazina ya sarafu ndogondogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa mwambao. Sarafu hizo hazina mwaka wala jina la mji. Lakini pamoja nazo zilikuwemo dinari chache za dhahabu za Mafatimi na watawala wengine wa nchi za Kiislamu, ambazo kwa kawaida hubeba mwaka na mahali zilipopigwa. Kwa kuwa zilitoka katika fuko moja la ardhi, dhahabu ya wageni ikawa shahidi wa fedha ya wenyeji, na ikadhihirika kwamba watu wa mwambao walikuwa wakipiga sarafu zao wenyewe tayari katika karne ya 11. Tuseme msaka vito angetangulia kufika. Dinari zingeishia kwa sonara, fedha zingegawanywa kwa wanunuzi mbalimbali, na majina yale ya watawala yangebaki yakielea bila karne ya kuyaegemea. Hakuna hata sarafu moja ambayo ingehitaji kuharibiwa ili historia hiyo ipotee, kuzitenganisha kungetosha.

Sarafu za Kilwa zinatoa ulinganisho mwingine. Katika magofu ya Great Zimbabwe ilipatikana sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyekuwa akitawala Kilwa msafiri Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331. Kwa bei ya shaba haina maana. Lakini kwa kuwa ilitoka pale, mamia ya kilomita kutoka baharini, ni kiungo kinachoshikika kati ya dhahabu ya bara na mji uliotajirika kwa kuipitisha dhahabu hiyo. Sasa tazama sarafu nyingine tano za Kilwa, ambazo askari wa Australia aliziokota mwaka 1944 kwenye mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake, pamoja na sarafu nne za Kiholanzi zilizo changa kwa karne kadhaa. Hakuna aliyeandika zililala tabaka gani, wala kama zote tisa zilikuwa fungu moja. Miaka mingi baadaye mwokotaji aliweza tu kuweka alama kwenye ramani, na watafiti waliokwenda kisiwani mwaka 2013 walilazimika kuanzia kwenye alama hiyo. Je, zilifika kwa jahazi, kwa meli ya Wareno, au mfukoni mwa baharia wa zama za Waholanzi? Kila jibu lina mtetezi, na sarafu zenyewe haziwezi kuamua. Kwa metali na maandishi ni ndugu wa ile ya Great Zimbabwe, ila ile inajulikana ilikotoka. Na huko Songo Mnara, jirani na Kilwa Kisiwani, uchimbaji ulioongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher umeonyesha sarafu ndani ya nyumba na pia kando ya makaburi, dalili kwamba watu waliziacha kwa ajili ya wafu wao. Ibada hiyo imeonekana kwa sababu mahali pa kila sarafu palipimwa na kuandikwa.

Hapa mpenzi wa mashine atauliza kama namshutumu yeye na chombo chake. Sivyo, na historia haikubali shutuma hiyo. Mwaka 1983 moto uliteketeza nyasi za uwanja wa Little Bighorn, Montana, ambako mwaka 1876 Walakota, Wacheyenne na wenzao walikiangamiza kikosi cha George Custer. Mwaka uliofuata Douglas Scott na Richard Fox waliwapanga wasakaji wa kujitolea katika mistari, wakachomeka kibendera kila mashine ilipolia, na wakapima mahali pa kila risasi na ganda kabla ya kuviinua. Alama za kifyatulio kwenye maganda ziliwawezesha kufuata bunduki mojamoja ikihama uwanjani. Picha iliyojitokeza ililingana kwa mengi na masimulizi ya wapiganaji wa asili, ambayo kwa karne nzima yalipuuzwa. Sisi ambao sehemu kubwa ya historia yetu imehifadhiwa vinywani mwa wazee tunapaswa kuliona jambo hili kwa macho makini: metali iliyoandikiwa mahali pake inaweza kuwa shahidi wa simulizi. Uingereza nako, mwezi Novemba 1992, Eric Lawes alikuwa akitafuta nyundo ya mkulima rafiki yake huko Hoxne, Suffolk, mashine yake ikalia juu ya hazina ya Kirumi. Alitoa kiasi, kisha akasita, akatoa taarifa. Wanaakiolojia waliikuta sehemu kubwa ya hazina hiyo ikiwa bado imepangika, sarafu karibu 15,000 na vyombo vya mezani, pamoja na mabaki ya sanduku lililovihifadhi. Lawes alilipwa pauni milioni 1.75, na akagawana na mwenye shamba. Mkono uliosita ndio uliofanya tujue mambo mengi kiasi hicho.

Pingamizi la kwanza zito linasema kwamba ardhi si kabati salama. Jembe la trekta linavunja, mbolea inakula metali, na bahari inameza fukwe. Afadhali kitu kitolewe kuliko kioze. Ni kweli, na kwetu bahari ni hatari halisi: Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Lakini hatari hiyo inadai uokoaji wenye kumbukumbu, na haimruhusu mtu kuchimba kimyakimya. Karibu na Leominster, Uingereza, wasakaji wawili mwaka 2015 walipata hazina ya zama za Waviking, wakaificha na kuiuza vipandevipande. Walifungwa mwaka 2019. Kati ya sarafu zinazokadiriwa kuwa 300, hadi kufungwa kwao zilikuwa zimepatikana kama 30 tu. Miongoni mwake zimo zinazowaonyesha Alfred wa Wessex na Ceolwulf II wa Mercia kama washirika, habari iliyowalazimu wanahistoria kuutazama upya uhusiano wa wafalme hao. Vitu vile havikuwa vinaoza, na bado sehemu kubwa ya ushahidi wake imetoweka.

Pingamizi la pili ni la haki ya maskini. Kijana wa Kilwa au Tabora aliyekopa fedha kununua detekta ataambiwaje aache alichokiona kwa ajili ya elimu ya watu wengine? Swali hili halijibiwi kwa mahubiri. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1996 inamtaka mwenye kupata hazina atoe taarifa ndani ya siku 14, na jumba la makumbusho likiitaka, aliyeipata na mwenye ardhi hulipwa thamani yake. Mpango wa kuandikisha vitu vidogo ulioanza huko mwaka 1997 umekusanya kumbukumbu za vitu zaidi ya milioni moja. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayotaka kibali cha kuchimba na inayolinda vitu vya kabla ya 1863. Msimamo wangu ni kwamba katazo peke yake humfundisha mtu kuficha. Anayetoa taarifa anastahili malipo na jina lake kuandikwa kwenye kabati la makumbusho, kama anavyostahili yeyote aliyeihudumia nchi.

Kuijua historia kungempunguzia kijana huyo hasara pia. Wengi wamefukua karibu na maboma ya kale wakitafuta mali za Mjerumani. Rekodi za Vita Kuu ya Kwanza zinasimulia serikali ya kikoloni ya Kijerumani iliyoishiwa sarafu kwa sababu ya kuzingirwa na meli za Waingereza, hata ikalazimika kupiga za kwake Tabora: heller za shaba, na mwaka 1916 rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya tembo, karibu 16,200 tu, ili ilipe madeni yake. Septemba mwaka huohuo Tabora ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Serikali iliyobanwa kiasi hicho si ya kudhaniwa kuwa ilizika masanduku ya dhahabu chini ya kila mwembe.

Pingamizi la tatu lina uchungu zaidi: wataalamu nao walichukua, na makabati ya Ulaya yamejaa vitu vya Afrika. Uchungu huo una haki, na vitu hivyo virudi. Lakini kitu kilichoandikiwa mahali pake kinaweza kudaiwa, kwa sababu kuna karatasi inayosema kilitolewa wapi na nani. Sarafu iliyouzwa gizani haina pa kudaiwa. Kwa hiyo anayetaka kuijaribu mashine mpya aanze kwa kuzika sarafu zake mwenyewe katika vina anavyovijua, ajifunze sauti zake, kisha asake ufukweni panaporuhusiwa, ambako pete iliyopotea wiki iliyopita ina mwenyewe anayeweza kutafutwa. Magofu ayaache. Akikutana na kitu cha kale, asimamishe mkono, apige picha, aandike mahali na kina, na atoe taarifa Idara ya Mambo ya Kale. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman nayo ina wenyewe, nao ni watu wote wa mwambao, na hati yao ya umiliki ni habari za mahali ilipolala.