Shilingi 200 za Uzeeni: Historia ya Ukomo wa Makato ya NSSF

Hadi Januari 2023, Mkenya aliyelipwa Sh15,000 kwa mwezi na mwenzake wa Sh500,000 walikuwa wakikatwa pesa sawa za hazina ya uzeeni, NSSF: shilingi 200. Mwajiri aliongeza 200 zake, basi. Mtu akichanga hivyo miaka 30 bila kukosa hata mwezi mmoja, anapata Sh144,000 kabla ya riba, tena kwa mkupuo, maana hazina hiyo haikulipa pensheni ya kila mwezi. Hizo ndizo zilizotazamiwa zimtunze hadi mwisho wa maisha yake.

NSSF ilianzishwa 1965. Sheria yake ilimtaka mfanyakazi atoe asilimia 5 ya mshahara na mwajiri vivyo hivyo, ila ikaweka ukomo kwa shilingi, na ukomo huo ndio ulioimeza ile asilimia. Mishahara ilipanda, unga na kodi ya nyumba vikapanda, ukomo ukawa unasogezwa kwa nadra na kwa kidogo mno.

Sheria ya mwisho wa 2013 ilibadilisha mfumo wenyewe. Mchango ukawa asilimia 6 kwa kila upande, na ukomo ukafungamanishwa na wastani wa mapato nchini: nusu ya wastani mwaka wa kwanza, kisha wastani kamili, mara mbili, mara tatu, hadi mara nne. Ilikuwa ianze kutumika 2014, lakini vyama vya wafanyakazi na vya waajiri vilienda kortini, na shilingi 200 zikaendelea kukatwa kwa karibu miaka tisa zaidi. Septemba 2022 Mahakama ya Masuala ya Ajira na Leba ilisema sheria hiyo inakiuka Katiba. Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo, na makato mapya yakaanza. Mwaka mmoja baadaye Mahakama ya Juu iliirudisha kesi Mahakama ya Rufaa, lakini makato hayakusimama.

Tangu hapo kila Februari ni mwezi wa hesabu mpya. Tumchukue mwalimu wa shule ya kibinafsi anayelipwa Sh50,000. Alitoka 200 hadi 1,080 mwaka 2023, wakati ukomo ulikuwa mshahara wa Sh18,000. Mwaka 2024 ukomo ulifika 36,000, akakatwa 2,160. Mwaka 2025 ulifika 72,000, ukaupita mshahara wake, akakatwa 3,000 kamili. Mwaka 2026 umefika 108,000, na kwake hakuna kilichobadilika. Anayelipwa laki moja ndiye aliyepanda tena, kutoka 4,320 hadi 6,000.

Maumivu hayo ni ya kweli. Mfanyakazi huyohuyo anakatwa ushuru wa nyumba, na tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya SHIF inachukua asilimia 2.75 ya mshahara bila ukomo wowote, ilhali NHIF iliyotangulia ilikomea Sh1,700. Lakini kosa kubwa lilikuwa kuuacha ukomo ulale miaka mingi hivyo, hadi kuurekebisha kukawa pigo la ghafla. Ungesogezwa kidogo kidogo kila mwaka pamoja na mishahara, mwalimu yule asingekatwa mara tano ya kawaida yake kwa mwezi mmoja.

Ndiyo maana mabadiliko ya sheria za kodi ya Desemba 2024 yananitia wasiwasi, ingawa ni mazuri. Yalipandisha mchango wa pensheni usiotozwa kodi kutoka Sh20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, na yakaruhusu hadi Sh15,000 nyingine ziwekwe bila kodi katika mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu. Mzee anayeweka akiba ya dawa zake za presha na kisukari anahitaji nafasi hiyo. Ila viwango hivyo vimeandikwa kwa shilingi tena, bila kufungwa na bei wala mishahara, na hakuna mwezi uliopangwa wa kuvipandisha. Bunge likivifunga na wastani wa mapato sasa, halitahitaji kusubiri kesi nyingine.